Kabla Jino Halijauma: Kumwandaa Mtoto kwa Siku ya Kwanza kwa Daktari wa Meno

"Usipolala namwita daktari akuchome sindano." "Endelea na hizo pipi, kesho unapelekwa kung'olewa meno." Anayesema maneno haya hana nia mbaya, anataka tu jioni ipite, mtoto alale, naye apumue. Ila mtoto anayaweka. Akifika miaka minne jino linamkosesha usingizi, shavu limeanza kujaa, anabebwa kupelekwa kwa mtu yule yule ambaye ametishiwa naye tangu anatambaa. Analia getini, analia mapokezi, na kwenye kiti wanatakiwa watu watatu wa kumshika. Kisha tunasema mtoto huyu mkorofi.

Kumwandaa mtoto kwa daktari wa meno ni kazi ndogo ukilinganisha na kuondoa woga ambao sisi wenyewe tumeupanda. Kazi yenyewe ina sehemu tatu: kuchagua siku ambayo hakuna kinachouma, kumzoesha mtoto mkao na vidole vya mtu mdomoni, na kuchunga maneno ya watu wa nyumbani. Hiyo ya tatu ndiyo ngumu.

Tuanze na tarehe. Ushauri wa madaktari wa meno ya watoto ni kwamba mtoto aonwe ndani ya miezi sita tangu jino la kwanza litoke, na asivuke mwaka mmoja hajaonwa. Meno mawili ya chini mbele kwa kawaida huchomoza karibu na mwezi wa sita, ingawa wapo wanaochelewa hadi mwaka na hawana tatizo lolote. Mzazi akiusikia ushauri huu huuliza: ana meno manne tu, daktari ataangalia nini? Ataangalia fizi, ulimi, namna unavyomsafisha, anachonyonya usiku. Lakini faida kubwa ni kwamba siku hiyo hakuna ganzi wala koleo. Mtoto anaondoka akiwa na kumbukumbu ya mtu aliyemulika mdomo wake, akahesabu, akampungia mkono. Siku atakapohitaji kuzibwa jino, ataanzia hapo.

Kama wa kwako ana miaka mitatu au mitano na hajawahi kuonwa, mpeleke sasa hivi akiwa mzima. Usingoje shule ifungue au ifunge.

Sababu inayotajwa sana ya kutokwenda ni kwamba meno ya utoto yatang'oka tu. Ni kweli yatang'oka, ila si yote kwa wakati mmoja. Ya mbele huanza kuachia kwenye miaka sita hivi. Magego ya utoto hukaa hadi miaka kumi, kumi na moja, hata kumi na mbili. Gego lililotoboka mtoto akiwa na miaka mitatu lina miaka saba au minane ya kutafunia chakula, na chini ya mizizi yake kuna jino la kudumu linalojengeka. Usaha ukikaa hapo muda mrefu, jino linalokuja linaweza kutoka na kasoro. Gego likitolewa mapema mno, majirani zake husogea kuziba nafasi, na la kudumu likija halina pa kupita.

Sasa mkao. Mtoto wa chini ya miaka mitatu mara nyingi hakalishwi peke yake kwenye kile kiti kirefu. Wewe na daktari mnakaa mkitazamana, magoti yenu yanagusana. Unampakata mtoto akikuangalia wewe, miguu yake imepita huku na huku kiunoni mwako, kisha unamlaza taratibu chali mpaka kichwa chake kitue mapajani mwa daktari. Mikono yake unaishika juu ya tumbo lake, viwiko vyako vinatuliza mapaja yake. Anakuona muda wote. Daktari naye anaona meno ya juu na ya chini vizuri kuliko ambavyo angeyaona kwenye kiti. Shughuli nzima huisha ndani ya dakika mbili tatu.

Ukishaujua mkao huo, ufanyieni mazoezi nyumbani wiki moja kabla. Wanatakiwa watu wazima wawili: baba na mama, au wewe na dada wa nyumbani, au bibi yake kama magoti yanamruhusu. Tandika kanga mapajani mwa anayecheza daktari. Wakati mzuri ni baada ya kuoga jioni, mtoto akiwa ameshiba na hajasinzia. Siku mbili za mwanzo mlaze tu, mwimbieni, mwinueni, basi. Mdomo usiguswe. Akishaona kwamba kulala hivyo ni mchezo, ongeza kuhesabu: "Haya baba, achama tuone. Moja, mbili, tatu..." Mwenye meno yote ya utoto ana ishirini, kumi juu na kumi chini, kwa hiyo hata wa miaka mitatu anaweza kuhesabu nawe.

Baadaye leta kijiko cha chai kilichooshwa. Tumia mgongo wa kijiko kuvuta shavu kidogo pembeni, upande mmoja kisha wa pili. Kisipite katikati ya ulimi kurudi nyuma, kwa sababu huko ndiko kunakoamsha kichefuchefu, na mtoto akitapika mara moja katika mchezo huu hautaki tena. Mwisho kabisa leta tochi ya simu. Ishikie upande wa kifuani mwake ukimulika kuelekea kidevuni, usiielekeze machoni. Watoto wengi hawakatai mdomo kuguswa. Wanakataa mwanga unaowapiga usoni ghafla.

Mkiwa hapo, tazama kitu kimoja kwa ajili yako. Inua mdomo wa juu kwa kidole na uangalie yale meno manne ya mbele, pale yanapokutana na fizi. Jino lenye afya linang'aa. Ukiona mstari mweupe wa rangi ya chaki, uliofubaa, unaofuata fizi, huo ndio mwanzo wa kuoza, na katika hatua hiyo bado unaweza kusimamishwa bila kuchimba chochote. Ukiona kahawia au kishimo, hatua hiyo imepita. Yanaanza ya juu kwa sababu ya chini yanalindwa na ulimi na mate. Ya juu yanabaki yameloweshwa na kilichokuwa kwenye chupa, na usiku mate hupungua. Chupa ya chai ya maziwa yenye sukari, juisi, au uji mwepesi uliotiwa sukari, mtoto anayolala nayo mdomoni, ndiyo inayofanya kazi hiyo. Chupa ya usiku ikibidi, iwe ya maji.

Mazoezi makubwa kuliko yote ni mswaki wenyewe. Mtoto anayepigishwa mswaki na mtu mzima mara mbili kwa siku tangu jino la kwanza ameshazoea kuinuliwa midomo na kuguswa magego, hivyo daktari anakuwa mtu wa pili tu kufanya jambo hilo hilo. Dawa ya meno iwe yenye floraidi, madini yanayokinga jino lisioze, angalau 1000 ppm (kipimo cha wingi wa floraidi); imeandikwa kwenye boksi. Kabla ya miaka mitatu weka ya ukubwa wa punje ya mchele. Kuanzia mitatu hadi sita, ya ukubwa wa njegere. Ateme, asisukutue kwa maji mengi, maana maji yanaondoa floraidi uliyotaka ibaki. Na usimwachie kazi hiyo akiwa na miaka minne kwa sababu tu anaweza kushika mswaki. Mkono wa mtoto haufiki nyuma vizuri mpaka afike saba au nane hivi.

Kwa wanaoishi Arusha, Manyara, Kilimanjaro au upande wa Bonde la Ufa nchini Kenya, mambo yana nyongeza. Maji ya baadhi ya visima na chemchemi huko yana floraidi nyingi kupita kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani, na magadi ya kulainishia maharage na kande yanaweza kuongeza. Madoa ya kahawia unayoyaona kwa watoto wa huko yametokana na floraidi hiyo jino likiwa bado ndani ya taya. Si uchafu, na kuyasugua kwa mkaa, majivu au mchanga kunakwangua jino bure. Mwambie daktari mtoto anakunywa maji gani, kisha ufuate atakavyokuelekeza kuhusu dawa ya meno.

Tuje kwenye maneno, penye ugumu. "Usiogope" ni neno baya la kumwambia mtoto ambaye hakuwa anaogopa. "Haitauma" ni baya zaidi, kwa sababu linaleta habari ya kuuma ambayo hakuwa nayo, tena ni ahadi ambayo si yako kuitoa. Mwambie kinachojulikana, kwa ufupi: "Kesho asubuhi tunakwenda kwa daktari wa meno. Atakulaza, atakumulika na kukuhesabia meno kwa kioo kidogo. Mimi nitakuwepo." Wa miaka miwili au mitatu mwambie asubuhi hiyo hiyo, kwani kwake kesho ni mbali na usiku mzima ni muda wa kutunga mambo. Wa minne hadi sita mwambie jana yake. Akiuliza kama atachomwa sindano, usimdanganye. "Leo tunakwenda kuangaliwa tu. Daktari akitaka kufanya kitu kingine, atatuambia kwanza." Wala usimwambie mnakwenda kwa shangazi kisha ajikute hospitalini. Ujanja huo unafanikiwa mara moja, halafu hata ukija kumpeleka kwa shangazi kweli hakuamini.

Kaa pia na watu wa nyumbani. Babu mwenye hadithi ya koleo la mwaka 1970, mjomba anayeonyesha pengo lake, kaka mkubwa anayeigiza sauti ya mashine. Waambie wazi kwamba wiki hii hadithi hizo zipumzike. Kaka huyo huyo, kama yeye hana woga na kiti, ni msaada mkubwa: mtoto akimwona anaangaliwa na kushuka akicheka, nusu ya kazi imekwisha. Ila usimlete mdogo kumtazama mkubwa aking'olewa jino. Na kama ni wewe mwenyewe unayetokwa jasho ukisikia harufu ya kliniki, mwache mwenzako ampeleke. Mtoto anausoma mkono wako kabla hajasikia maneno yako.

Siku ya kwenda, chagua asubuhi, baada ya usingizi mzuri, isigongane na usingizi wake wa mchana. Ale chakula chepesi saa moja hivi kabla. Akishindiliwa uji tele kisha akalia, atautapika. Akiwa na njaa, atalia tangu mapokezi. (Kama imepangwa dawa ya usingizi, maelekezo ya kufunga kula yatatoka hospitali na yanatangulia haya yote.) Piga simu au pita jana yake uulize siku na saa ambazo watoto wanaonwa. Katika hospitali nyingi za umma, asubuhi ndiyo foleni ya wanaokuja kung'oa, na chumba kinaweza kuwa na viti viwili vitatu bila pazia. Uliza kama mtoto anaweza kuingia pakiwa na utulivu, na wakati wa kusubiri kaeni mbali na mlango. Hospitali ya wilaya ikiwa na tabibu wa meno pekee, bila daktari wa meno, si hoja ya kughairi. Kumkagua mtoto na kumpaka dawa za kinga ni kazi yake ya kila siku.

Chukua kadi ya kliniki, kadi ya bima kama unayo, nguo ya kubadilisha, kanga, na kile kitu chake asichokiachia. Muhimu zaidi ni unachokijua kichwani: selimundu, ugonjwa wa moyo, pumu, mzio wa dawa kama penisilini, kutokwa damu kusikokatika haraka, dawa anazotumia. Yaseme haya kabla mtoto hajalazwa, maana akishaanza kulia husikilizani na daktari.

Ndani ya chumba, daktari mzuri wa watoto hufuata mpangilio unaoutambua haraka: anaeleza, anaonyesha, ndipo anafanya. Anapuliza hewa kwenye kiganja cha mtoto kabla ya kuipuliza kwenye jino, au anauacha mrija wa kunyonya mate unyonye maji kwenye kikombe mtoto akitazama. Kinachoharibu hapa ni sauti nyingi. Daktari anasema "achama", mama anasema "fungua mdomo mwanangu", nesi anasema "panua baba", na mtoto hajui amsikilize nani. Aongee mmoja, daktari. Wewe shika mkono na uonekane. Barakoa na glavu humgeuza mtu kuwa kitu kingine machoni pa mtoto, kwa hiyo ni haki kumwomba daktari aonyeshe uso wake kwanza akiwa bado mbali kidogo.

Atalia? Wa chini ya miaka mitatu huenda akalia, na si dalili kwamba umeshindwa. Mdomo unaolia uko wazi, uchunguzi unakamilika, na ukimwinua baada ya dakika mbili ananyamaza begani. Kinachomjengea woga ni kuburutwa, kufokewa, au kudhihakiwa eti mbona wenzako hawalii. Kwa mkubwa wa miaka minne au mitano anayekataa katakata na hana maumivu, hakuna aibu ya kuishia kupanda kiti na kushuka, mkarudi wiki ijayo.

Daktari wa Tanzania anaweza kukuuliza pia jambo ambalo vipeperushi vingi vya nje havina: kama mtoto amewahi kutolewa "meno ya plastiki". Mtoto mchanga akiharisha au kupata homa, wapo wanaomwonyesha mama kivimbe cheupe kwenye fizi, mahali pa chonge, na kusema hilo ndilo jino baya. Kivimbe hicho ni chonge la kawaida linalokua. Linachokolewa kwa spoki au kisu bila ganzi, na mtoto anaweza kupata maambukizi ya damu, pepopunda, kuvuja damu hata kufa, huku kuhara kwenyewe kukibaki bila tiba. Akipona, chonge za kudumu zinaweza kutoka zimepinda au zisitoke kabisa. Kama lilifanyika, liseme bila kuona haya. Daktari anataka kujua kwa nini nafasi ipo wazi. Na jino linalotoka halileti homa kali wala kuharisha. Hayo yana sababu nyingine, mpeleke akapimwe.

Kama hakuna shida, mara nyingi atapakwa vanishi ya floraidi. Inapakwa kwa brashi ndogo, inaganda kwa mate, na meno yanaweza kuonekana ya njano hadi kesho yake. Siku hiyo ale vitu laini visivyo moto sana, na mswaki uahirishwe kwa muda utakaoambiwa, mara nyingi hadi asubuhi. Kama kuna vishimo, anaweza kupendekeza dawa ya maji yenye madini ya fedha na floraidi, ambayo husimamisha uozo bila ganzi wala mashine. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliiingiza kwenye orodha yake ya dawa muhimu. Jambo la kulijua mapema: sehemu iliyooza itageuka nyeusi na itabaki hivyo. Mzazi asiyeambiwa hurudi kwa hasira akidhani jino limeharibiwa, kumbe weusi ule ndio alama kwamba dawa imeshika.

Njia nyingine ya kuulizia inaitwa ART (kwa Kiingereza Atraumatic Restorative Treatment): uozo laini unakwanguliwa kwa vifaa vya mkono pekee, kisha kishimo kinazibwa kwa simenti ya glasi ayonoma inayotoa floraidi. Haina mlio, na mara nyingi haihitaji sindano. Ilianzia Tanzania katikati ya miaka ya 1980, kwa ajili ya sehemu zisizo na umeme wa uhakika, na leo inatumika kwa watoto hata kwenye nchi ambazo umeme haukatiki. Kwa mtoto anayekimbia sauti ya mashine, hata katika kliniki yenye kila kitu, naiona kuwa ndiyo ya kuanzia.

Mtoto akiwa tayari anaumwa, mazoezi ya wiki nzima hayapo. Bado maneno mafupi na ya kweli yanafaa. Mpe parasetamoli miligramu 15 kwa kila kilo ya uzito, dozi zipishane saa sita, zisizidi nne kwa siku. Sirapu nyingi zina miligramu 120 katika mililita 5, hivyo wa kilo 12 atapata mililita 7.5, lakini soma chupa, zipo zenye nguvu zaidi. Aspirini asipewe. Kwenye jino usiweke kidonge kilichosagwa wala mafuta ya karafuu, vinaunguza fizi. Shavu likivimba na homa, uvimbe ukipanda kuelekea jichoni au kushuka shingoni, au akishindwa kuachama au kumeza, nenda hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku.

Akichomwa ganzi, mchunge kwa saa mbili tatu. Mdomo uliokufa ganzi ni kitu kigeni kwake, ataung'ata na kuutafuna bila kusikia, na jioni utauona umevimba na kuchubuka kuliko jino lilivyokuwa. Asile mpaka ganzi iishe. Zawadi ikiwepo, itoke baada, isiwe rushwa ya kabla, na isiwe pipi.

Kabla ya kutoka, chukua tarehe ya kurudi. Kwa wengi ni miezi sita. Na kwenye miaka sita tazama nyuma kabisa ya magego ya utoto. Hapo hutoka gego la kwanza la kudumu, bila jino lolote kung'oka kulipisha, ndiyo maana wazazi wengi hulidhani la utoto na kuliacha lioze. Halina mbadala. Likishachomoza, muulize daktari kama mifereji yake ya juu inaweza kuzibwa mapema, kabla chakula hakijaanza kukaa humo.